Bili Zikishalipwa, Mfukoni Kunabaki Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kuipata, Kuitenga na Kuilinda Pesa Yako Binafsi

"Ukishalipa bili zote, unabaki na ngapi?" Swali hili watu huulizana sana, na majibu yake yamewakosesha wengi usingizi bure. Mmoja anajibu kwamba anabaki na nusu ya mshahara. Mwingine anasema habaki na hata senti. Wewe unayesikiliza unaanza kujipima, unajiona mzembe, au unajiona umefika.

Waulize hao wawili wametoa nini kwanza. Yule wa nusu ya mshahara ametoa kodi ya nyumba na umeme, basi. Chakula, nauli, ada ya watoto na dawa bado vinaisubiri hiyo nusu yake. Yule asiye na senti ametoa kila kitu, hadi akiba ya dharura na deni analolimaliza kabla ya muda. Huyu wa pili huenda ndiye anayelala vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kujilinganisha na yeyote, tafuta namba yako mwenyewe, na uitafute kwa njia isiyokudanganya. Ninapoandika "pesa ya mfukoni" hapa chini, nina maana moja tu: pesa unayoweza kuitumia yote leo, kwa jambo lolote unalolipenda, na hakuna bili, deni wala mtoto atakayeumia kwa sababu yake. Salio unaloliona kwenye akaunti siku mbili baada ya mshahara ni kitu kingine kabisa. Salio lile lina wenyewe, ila hawajabisha hodi bado.

Hatua ya 1: Andika kinachofika mkononi

Anza na mapato baada ya kodi ya mapato, michango ya hifadhi ya jamii, bima na makato mengine yote. Mshahara uliotajwa kwenye mkataba hauna kazi hapa. Ukitaka kujua ukweli wako, fungua taarifa ya akaunti na uangalie kiasi kilichoingia.

Anayelipwa kila wiki mbili awe makini. Mwaka una malipo 26 kama hayo, wala si 24. Miezi kumi utapokea mara mbili, miezi miwili utapokea mara tatu. Ushauri wangu: panga maisha yako kwa malipo mawili kwa mwezi, na yale mawili ya ziada yapelekwe moja kwa moja kwenye mfuko wa bili za mwaka, ambao tutaufikia sasa hivi.

Kama kipato chako hakitabiriki, yaani unafanya vibarua, biashara au kazi za mkataba, usitumie wastani wa mwaka. Wastani unapandishwa na miezi mizuri, na bili hazijui kwamba mwezi huu ulikuwa mbaya. Chukua miezi 12 iliyopita, tafuta mitatu iliyokuwa dhaifu kuliko yote, pata wastani wa hiyo mitatu. Hicho ndicho kipato chako cha kupangia. Mapato yote yaingie kwenye akaunti moja, na wewe ujilipe kutoka humo kiasi hicho hicho kila mwezi kama mwajiriwa. Mwezi wa neema utajaza akaunti, mwezi wa ukame utachota humo.

Hatua ya 2: Kaa na miezi mitatu ya taarifa

Usikisie. Watu wanakumbuka vizuri kodi ya nyumba na wanasahau kabisa vitu vidogo vinavyojirudia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi sijaona ushauri wa fedha unaoushinda huo.

Chukua taarifa za miezi mitatu, za benki na za simu kama unalipia kwa simu, na kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza piga kwenye kila kitu ambacho usipolipa kuna madhara: nyumba, umeme, maji, chakula cha nyumbani, usafiri wa kwenda kazini, ada, matibabu, marejesho ya mkopo. Rangi ya pili ni kwa vitu ulivyovitaka tu. Rangi ya tatu ni kwa mistari usiyoikumbuka.

Hiyo rangi ya tatu ndiyo iliyonifundisha kuliko zote. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilikuta mstari mmoja mdogo, kiasi kile kile, tarehe ile ile, miezi yote mitatu. Ulikuwa usajili wa huduma niliyoijaribu bure kwa mwezi mmoja na kuisahau. Nilirudi nyuma kwenye taarifa za zamani, ukurasa baada ya ukurasa, na mstari ule ulikuwa unanisubiri kwenye kila mmoja. Kiasi chenyewe kwa mwezi kilikuwa kidogo. Kwa miaka miwili kilikuwa bei ya jambo nililokuwa nimejinyima muda wote huo kwa kudhani sina uwezo nalo.

Angalia pia mistari ya kutoa fedha taslimu. Ukitoa 50 na hujui zilikwenda wapi, hazihesabiki kama bili. Ziandike kwenye rangi ya pili mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Hatua ya 3: Bili zisizokuja kila mwezi

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuchukue mfano wa mapato ya 1,000 kwa mwezi, sarafu yoyote ile. Kodi ya nyumba 330, umeme na maji 70, simu na intaneti 35, nauli 80, chakula cha nyumbani 190, marejesho ya mkopo 75. Jumla ni 780. Mtu huyu anaona 220 zimebaki na anaamini ndizo pesa zake. Ukigawa kwa siku za mwezi, ana 7 na ushee kila siku. Anaishi hivyo.

Halafu unakuja mwezi wa bima. Mwezi mwingine ni wa sare na vitabu vya shule. Mwingine ni wa sikukuu, mwingine jino linauma, mwingine bomba limepasuka. Kila mara anasema, "Mwezi huu umekuwa wa ajabu." Lakini ukimwandikia kwa mwaka mzima, hakuna cha ajabu:

- bima: 120
- ada, sare na vitabu: 300
- matengenezo ya nyumba au chombo cha usafiri: 180
- sikukuu, zawadi, harusi na misiba: 150
- meno na miwani: 60
- leseni na usajili: 30

Jumla 840. Gawa kwa 12, unapata 70. Hii ni bili ya kila mwezi kama kodi ya nyumba, tofauti yake ni kwamba haina mwenye nyumba wa kukukumbusha. Ile 220 sasa ni 150.

Namna ya kuzipata za kwako: chukua karatasi, andika majina ya miezi kumi na miwili ukitelemka chini, kisha pita mwezi mmoja mmoja ukijiuliza ni nani atakayekudai mwezi huo na ni sherehe gani huikwepi. Kama una mwenza, fanyeni pamoja. Kila mmoja anakumbuka bili ambazo mwenzake hazijui. Vitu usivyojua tarehe yake, kama kuharibika kwa jokofu, weka makadirio kutokana na yaliyokupata mwaka jana. Hata makadirio mabovu yanaishinda sifuri, na sifuri ndiyo wengi wanayoiweka.

Fungua mahali pa pekee pa kuweka hizo 70, akaunti ndogo au bahasha, na kuwe na utaratibu wa kuzihamisha siku ile ile mshahara unapoingia. Mwaka wa kwanza utakuwa mgumu, kwa sababu bili kubwa inaweza kutangulia kabla mfuko haujajaa. Ikitokea hivyo, lipa kwa kilichopo, ongezea kutoka kwenye pesa ya mfukoni ya mwezi huo, na uendelee kuweka. Mwaka wa pili mfuko utakuwa unakutangulia wewe.

Hatua ya 4: Akiba kabla ya starehe, deni ghali kabla ya akiba kubwa

Mtu wa mfano wetu anaamua kuweka akiba ya 60. Anabaki na 90.

Kiasi cha akiba ni uamuzi wako, ila mpangilio uwe huu. Kwanza akiba ndogo ya dharura, ya kutosha kugharimia tatizo moja la kawaida bila kukopa. Usidhani ni wewe tu usiyenayo: huko Marekani, benki kuu yao huwauliza watu kila mwaka kama wangeweza kulipa gharama ya ghafla ya dola 400 kwa fedha taslimu au kitu kinachofanana nayo, na mwaka 2023 waliosema wangeweza walikuwa asilimia 63. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu, katika nchi tajiri kiasi hicho, wangelazimika kukopa, kuuza kitu au kushindwa kabisa.

Ukishakuwa na akiba hiyo ndogo ya dharura, kabiliana na deni la riba kubwa kabla ya kulimbikiza akiba. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi inasikika ndogo. Ikijilimbikiza kwa miezi 12 inakaribia asilimia 27 kwa mwaka, na hakuna akaunti ya akiba ya kawaida itakayokurudishia hizo. Kila deni unalolimaliza linageuka kuwa nyongeza ya mshahara isiyokatwa kodi: mtu wetu akimaliza mkopo wake, 75 zinarudi kwake kila mwezi.

Hatua ya 5: Igeuze kuwa namba ya wiki

Sasa tuna 90. Tulianza na mtu anayeamini ana 7 kwa siku, kumbe ana 3. Zile 4 za kila siku alizokuwa anazitumia zaidi hazikuwa zake, na ndiyo sababu mwezi ukifika kona anaanza kukopa huku ili kulipa kule.

Kwa uzoefu wangu namba ya mwezi ni ndefu mno kuishika akilini, na ya siku ni fupi mno. Siku moja ukitoka na rafiki umeshaivunja na unakata tamaa. Wiki ndiyo kipimo kizuri. Lakini usigawe kwa nne. Mwezi una wiki 4 na theluthi hivi, na hiyo theluthi ndiyo siku zile za mwisho ambazo mfuko huwa mkavu. Zidisha kwa 12 kisha gawa kwa 52: 90 mara 12 ni 1,080, ukigawa kwa 52 unapata 20 na nukta kadhaa. Chukua 20 kamili. Zile nukta zikusanyike tu, mwisho wa mwaka zitakuwa 40.

Hatua ya 6: Itenganishe kwa macho

Pesa ya mfukoni ikikaa kwenye akaunti moja na kodi ya nyumba, utaichanganya. Kila ukiangalia salio utaona kubwa, na jicho huamini linachokiona. Ihamishie kwenye akaunti nyingine au uishike taslimu, 20 kila Jumatatu. Nachagua Jumatatu kwa makusudi: ukijilipa Ijumaa, wikendi inaimeza yote na siku za kazi zinabaki na njaa.

Kama unaweza kuishi na taslimu kwa matumizi haya madogo, jaribu kwa mwezi mmoja. Watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha mwaka 2001 jaribio la mnada wa tiketi za michezo, ambapo walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei hadi mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Noti ikitoka mkononi unaiona ikiondoka. Kadi inarudi mfukoni ikiwa nzima kama ilivyotoka.

Ukimaliza 20 siku ya Alhamisi, subiri Jumatatu. Usichote kwenye mfuko wa bili za mwaka "kidogo tu". Ukitaka kitu kikubwa, okoa 8 kila wiki kwa wiki kadhaa. Hilo linaruhusiwa kabisa, na kitu kilichonunuliwa hivyo hakikuletei majuto.

Mkiwa wawili

Ndoa nyingi na nyumba nyingi hazigombani kwa sababu pesa ni kidogo. Zinagombana kwa sababu mmoja lazima aombe na mwingine lazima aeleze. Naliamini hili kwa dhati, na ndiyo maana nasisitiza: kila mtu mzima ndani ya nyumba awe na pesa ya mfukoni yake, hata ikiwa ndogo sana, asiyoitolea hesabu kwa yeyote.

Igawanywe vipi? Tuseme mmoja anapata 1,000 na mwenzake 600, na mahitaji yote ya nyumba pamoja na akiba ni 1,200.

Mkilipa nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 600. Wa kwanza anabaki na 400, wa pili anabaki mikono mitupu. Utaratibu huu unaitwa wa haki kwa sababu namba zinalingana, lakini nimeona mtu akiishi miaka ndani ya nyumba nzuri akiwa hana hata pesa ya kukata nywele.

Mkichangia kwa uwiano wa mapato, wa kwanza anatoa 750 na kubaki na 250, wa pili anatoa 450 na kubaki na 150. Hii inawafaa walioanza kuishi pamoja karibuni, ndugu wanaoshirikiana nyumba, au wenza wanaopenda kila mmoja ashike akaunti yake.

Mkiweka vyote kwenye kapu moja, zinabaki 400, mnagawana 200 kwa 200. Kama mmoja wenu amepunguza kazi au ameacha kabisa ili kulea watoto au kuuguza mzazi, mimi naona hakuna njia nyingine ya kweli. Kazi anayoifanya ndiyo inayomwezesha mwenzake kutoka asubuhi. Mgao wake ni jasho lake, wala hapewi kwa hisani.

Mkishakubaliana, maswali yanakoma. Alinunua nini, kwa nini, ilikuwa lazima? Hayo hayaulizwi tena juu ya pesa ya mfukoni. Yaulizwe juu ya bili, na yaulizwe mkiwa mmekaa, kila mwezi mara moja, karatasi ikiwa katikati.

Namba ikitoka hasi

Inaweza kutokea kwamba baada ya hatua ya tatu hubaki na kitu, au unapungukiwa. Usiifute hesabu. Upungufu ulikuwepo kabla hujauandika. Ulikuwa unalipwa na mikopo midogo midogo.

Linda kwanza paa, chakula, umeme na maji, na njia ya kufika kazini. Hivyo vinne vikianguka, kipato nacho kinaanguka. Wanaokudai wengine wapigie kabla ya tarehe ya malipo kupita, uwaambie kiasi unachoweza kweli. Anayepiga simu mapema na namba mkononi husikilizwa tofauti na anayekwepa simu. Deni lililofika mahakamani au linalotishia makazi yako tafutia ushauri wa kisheria. Nchi nyingi zina mashirika yanayosaidia wadaiwa bila malipo.

Kisha angalia bili kubwa kabla ya kubana ndogo. Watu huanza kwa kujinyima vinywaji na vitafunwa kwa sababu ni rahisi kuvikata, lakini katika mfano wetu nyumba peke yake inakula theluthi ya mapato. Kuhama, kupangisha chumba au kujadiliana kodi upya ni kazi ngumu ya mara moja, na faida yake inarudi kila mwezi bila wewe kupigana tena.

Na usijipe sifuri. Mpango usio na hata pesa ndogo ya mfukoni huvunjika wiki ya tatu, na ukivunjika mtu hununua kwa hasira kitu kikubwa kuliko vyote alivyojinyima. Hata 3 kwa wiki, ziandike.

Je, kiasi changu ni cha kawaida?

Kanuni inayotajwa zaidi ni ile ya asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa unavyovitaka na 20 kwa akiba na madeni, iliyoenezwa na Mmarekani Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria, na binti yake Amelia Warren Tyagi mwaka 2005. Ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo. Kwa kipato cha chini hakishikiki, na sababu ilishajulikana zamani: mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba familia kadiri ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyokwenda kwenye chakula. Anayetumia asilimia 78 kwa mahitaji huenda hajakosea popote. Mahitaji yana bei yake, na bei hiyo haishuki kwa sababu mshahara wako ni mdogo.

Mtu wetu wa 1,000 ana asilimia 9. Kwenye kanuni ile ameanguka vibaya. Kwenye maisha yake analipa bima bila kutafuta mkopeshaji, ana akiba ya dharura inayokua, na 20 zake za wiki anazitumia bila kuangalia nyuma.

Rudia hesabu hii kila kipato au bili kubwa inapobadilika, na hasa ukipandishwa mshahara. Siku nyongeza inapoingia kwa mara ya kwanza, kabla hujaizoea, iamulie: sehemu iende kwenye deni au akiba, sehemu iongeze zile 20. Nyongeza isiyoamuliwa siku hiyo haitaonekana tena baada ya miezi mitatu, na utaapa kwamba hukuwahi kuongezwa.